Muhogo Uliomenywa

Kila asubuhi tangu astaafu, mzee Lucian Maganga alikuwa akitoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kulijulia hali gari lake. Jumatatu hiyo alilikuta limekaa chini. Matairi yote manne yalikuwa yamechanwa kwa kisu ubavuni, mahali ambapo hata wale mafundi wa Kwa Mathias wanaojisifu kuziba kila kitu wangetikisa kichwa. Kioo cha pembeni cha kulia kilining'inia kwa waya. Kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, pande zote mbili, mtu alikuwa amepita na msumari bila haraka, akikandamiza mpaka bati likaonekana.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla nyeupe ya zamani, ambayo watu wenye magari mapya hawakuihesabu kuwa gari. Lakini Lucian alikuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini na mbili, amekanyaga majosho na mazizi ya Kisarawe nzima kwa miguu, kwa baiskeli na kwa Landrova ya ofisi. Corolla hiyo ndiyo aliyoinunua siku serikali ilipomwambia apumzike. Alikuwa anaiosha mwenyewe na kuikausha kwa kanga ya marehemu mkewe.

Ilikuwa inalala nje kwa sababu viwanja vya mtaa huo wa Kibaha viliuzwa kwa kukadiria kwa macho kabla ramani haijafika. Kichochoro cha kwenda nyumbani kwake kilipitisha toroli, au watu wawili kama wanafahamiana. Kwa hiyo kwa miaka saba Lucian aliegesha kwenye uwazi ulio kando ya fremu za Hashiru, mwenye duka la jumla, aliyekuwa pia na jiko la chipsi na mihogo ya kukaanga hapo nje. Uwazi haukuwa wa Lucian wala wa Hashiru. Ndiyo maana kila mmoja wao aliamini ni wake.

Watu walijaa upesi. Yasinta, bintiye Lucian, ambaye kila siku alidamka kwenda ofisini Dar, alikuwa ameshafika kituo cha basi mtu alipompigia simu, akarudi na mkoba wake begani. Hashiru naye akatoka dukani, kaushika mfuko wa maziwa ya unga aliokuwa akiupanga.

"Pole sana mzee Maganga," alisema. "Mimi nilikwambia pale si pa kulaza gari. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara tatu," alijibu Lucian. Kweli ilikuwa mara tatu, na ya mwisho haikuwa kwa sauti ya ushauri.

Lucian alishika paa la gari. Umri wake ulikuwa miaka sitini na saba, na alihisi yote kwa mpigo mmoja. Aliuma meno, akaanza kulizunguka gari taratibu, akigusa pale palipochubuka, mpaka akafika nyuma. Akainama. Ndani ya bomba la moshi, kwenye ekzosi, palikuwa pameshindiliwa muhogo.

Akauchomoa. Akaukodolea macho. Halafu mzee Lucian Maganga, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, mtu ambaye jirani zake hawakumbuki lini walimwona meno, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na watu wakatazamana.

"Baba," alisema Yasinta kwa sauti ya chini. "Baba, hebu kaa."

"Nikae nini? Huyu Mwinshehe," alisema Lucian, akiunyanyua muhogo juu. "Huyu ni mtani wangu. Amerudi."

Ni lazima nieleze hapa, la sivyo mtamwona mzee wa watu amerukwa na akili.

Lucian ni Mnyamwezi wa Tabora. Alipopangiwa kazi Kisarawe akiwa kijana, dereva wa ofisi alikuwa Mzaramo mmoja aliyechechemea mguu wa kushoto kwa sababu ya kuanguka kwenye mkorosho akiwa mtoto. Jina lake Mwinshehe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana mlango wa kubisha. Siku ya kwanza kazini Lucian alitumwa kuwasha Landrova. Gari likakohoa, likazima. Akawasha tena, likazima. Alihangaika nusu saa, jasho linamtoka, huku Mwinshehe amekaa kivulini anamwuliza kama huko kwao wamezoea kubeba mizigo kichwani tu. Mwisho akamwonyesha muhogo kwenye ekzosi, mzima, na maganda yake na udongo wake. Siku hiyohiyo Lucian alimlia chakula chake chote cha mchana bila kumwomba, na urafiki ukawa umeshafungwa.

Mwinshehe ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Lucian aliponunua Corolla, haikumaliza wiki Kibaha kabla ya kukutwa na muhogo, na waipa zake zimesimamishwa wima. Lucian naye alikwenda Kisarawe akarudi na jogoo wa Mwinshehe, akamla, akampelekea manyoya kwenye mfuko wa shule. Ndivyo walivyoishi. Hakuna aliyekasirika, maana kwenye utani ukikasirika umeshindwa.

Na haukuwa mchezo wa kuchekeana tu. Juliana, mke wa Lucian, alipofariki, Lucian alikaa siku tatu bila kuweka kitu mdomoni. Wanawake wa kanisa walimbembeleza, padri akambembeleza, hakuna lililosaidia. Siku ya tatu Mwinshehe akatokea mlangoni amejifunga kitenge cha Juliana na kushika mwiko wa Juliana, akaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti ya Juliana hasa, ile ya puani, kwamba wamejaza nyumba yake na hawajaosha hata sahani. Padri alitazama ukutani. Yasinta alicheka huku analia. Lucian akacheka, na tumbo lake likafunguka, akala. Baadaye alizoea kusema kwamba Juliana alizikwa na kanisa, lakini yeye alifufuliwa na Mwinshehe.

Mwaka juzi zamu ikageuka. Maua, mke wa Mwinshehe, alifariki. Wakati huo Lucian alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa jumuiya, ana suti ya kijivu na sauti ya kufungulia vikao. Alikwenda Kisarawe na wanajumuiya sita, akiwemo Calist, katibu wake, mtu makini sana. Wanawake wa Kizaramo walikuwa wameacha ungo wa Maua pale mlangoni makusudi, ili mtani akifika auokote, ajifanye Maua, awatukane kidogo wafiwa wapate kupumua. Lucian aliuona ule ungo. Alijua kabisa umewekwa kwa ajili yake. Akamsikia Calist anakohoa nyuma yake, akaona suti yake, akaona watu wanamtazama. Akauruka. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni, mikono magotini, na mwisho akatoa bahasha ya rambirambi.

Mwinshehe aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kutoka kwa mgeni. "Bahasha huletwa na wageni, Lucian," alisema.

Tangu wajuane hakuwa amemwita Lucian. Alikuwa Mnyamwezi, alikuwa punda, alikuwa mbeba mizigo. Siku ile akawa Lucian. Baada ya hapo simu ikawa inaita mpaka inakatika. Lucian alikwenda mara moja kumtafuta, akaambiwa yuko shamba, akasubiri mpaka alasiri, hakuja mtu. Akaona aibu. Mtu mwenye aibu ana vijisababu vingi, na Lucian alikuwa na mkutano wa jumuiya kila wiki. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita punda.

Sasa mnaelewa kwa nini aliuangalia muhogo ule hivyo. Kwake haukuwa uharibifu. Ilikuwa barua.

Yasinta hakuielewa barua hiyo. "Baba, mtani anachana matairi?"

"Hasira ya karibu miaka miwili, mwanangu. Ulitaka aweke muhogo tu? Hii ni faini."

"Mzee Mwinshehe ana umri gani? Anatoka Kisarawe usiku, na ule mguu wake, anakuja kuchora gari kwa msumari?"

"Ana mtoto, ana wajukuu. Atakuwa amewatuma."

"Twende polisi, Baba. Tuandikishe taarifa, tuchukue RB, basi. Wakiwa ni watani tutaifuta."

Lucian aliona haya hata kusikia. Umpeleke mtani polisi? Hilo lingekuwa tusi kubwa kuliko bahasha. Hemedi, mjumbe wa shina, alipokuja na daftari lake kuandika tukio, Lucian alimwambia afunge daftari, haya ni mambo ya utani na hayana kesi. Hemedi ni Mndengereko na anajua utani ni nini, lakini hata yeye alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mlango. "Mzee," alisema, "mkono huu haukuwa unacheka."

"Wewe humjui Mwinshehe."

Aliyefurahi kuliko wote ni Hashiru. Alicheka kwa sauti kubwa, akampiga Lucian begani, akamfungulia soda ya baridi bila kumdai. Tangu wafahamiane hakuwahi kumpa hata pipi. Lucian aliinywa ile soda amekaa kwenye kiti cha Hashiru mwenyewe, pembeni ya gunia la mihogo. Binti wa jikoni alikuwa anaimenya na kuitupa kwenye ndoo ya maji, mieupe, tayari kwa karai. Lucian alikuwa akiitazama. Kwa nini hakuiona, sijui niseme nini. Mtu akishakuwa na njaa ya kitu fulani anaona hicho tu.

Kuna jambo moja lilimgusa akalipuuza. Muhogo uliotoka kwenye ekzosi ulikuwa umemenywa. Kwa miaka yote Mwinshehe hakuwahi kuumenya, mihogo yake ilikuja na udongo wa shamba. Usiku wa Jumanne Lucian aliutoa kabatini, ambako alikuwa ameuhifadhi kwenye gazeti, akaugeuzageuza. Ulikuwa umeanza kuweka michirizi myeusi. "Safari hii kaumenya," alimwambia Yasinta kwa bashasha. "Uzee umemtia adabu." Yasinta aliinuka akaenda kulala.

Wiki nzima Lucian alikuwa mtu mwingine. Aliingia kwenye maduka akiwasimulia watu ambao hawakumwuliza. Alitafuta matairi yaliyotumika, akayafunga, akakifunga kioo cha pembeni kwa mpira wa baiskeli. Rangi hakuigusa. Fundi alipomwambia kuna namna ya kupiga dawa ile mistari ipungue, alimkatalia kabisa. Alitaka Mwinshehe aione kazi yake.

Utani hujibiwa, na Lucian alijua namna ya kujibu huu. Safari hii hakuna suti. Alitoa ovaroli yake ya kazi ya khaki, ile ya majosho, ambayo sasa ilimbana tumboni. Akatafuta gunia, akalijaza matambara, ili aingie kwa Mwinshehe amelibeba kichwani kama mpagazi, kama alivyotukanwa siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha. Maneno ya kawaida ya msamaha asingeyaweza, na Mwinshehe asingeyapokea. Alichagua Jumapili, siku ambayo watu hawaendi shamba. Akasali misa ya kwanza, na Calist alipomkumbusha kikao alimwambia kikao kitaendeshwa na katibu.

Alikata njia ya Kiluvya akatokea Kisarawe, akashika barabara ya Maneromango. Njiani alikuwa anajizoeza matusi. Alijaribu moja, akalikataa, akajaribu lingine, akacheka peke yake. Madirisha yalikuwa wazi na mikorosho ilikuwa inatoa maua. Sijui ni lini mara ya mwisho alikuwa na furaha kiasi kile. Pengine hakuwahi.

Alipokaribia aliona turubai limefungwa uani kwa Mwinshehe, na masufuria makubwa, na watu. Akadhani mjukuu anaolewa. Akasema moyoni kwamba vizuri zaidi, hadhira ipo. Akaegesha Corolla mbele kabisa, ubavu wenye mkwaruzo mrefu ukitazama nyumba, akapiga honi mara nne, akashuka, akajitwika gunia kichwani.

"Yuko wapi mwizi wa mihogo?" alipaza sauti. "Mwambieni punda wake amefika na mzigo. Kilema mkubwa, gari la mtu unalichora kama ukuta wa choo. Toka nje ulipe."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele walibaki na mikono ndani ya sinia. Kisha bibi mmoja akapiga makofi, akacheka, akafunika uso na kanga, na kicheko kikasambaa mpaka chini ya turubai.

"Mtani kaja," wakaambizana. "Mtani kaja jamani."

"Hata hakuitwa, kaja mwenyewe."

Lucian alisimama katikati ya kicheko hicho, gunia kichwani, moyo umemjaa. "Nimesema yuko wapi? Kajificha uvunguni?"

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alijipiga paja. Shomari, mtoto mkubwa wa Mwinshehe, alitoka ndani akiwa na chetezo, na moshi wa ubani ulikuwa unamfuata. Alivaa kofia ya babake aliyoijua Lucian, ya zari ya kahawia, yenye doa la wino upande mmoja. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Shikamoo baba," alisema Shomari. "Karibu. Tulisema hutakuja. Hata kwenye mazishi tuliangalia barabarani mpaka tukachoka. Sasa hii ndiyo arobaini, na wewe umekuja nayo."

Lucian aliiangalia kofia. Akaangalia chetezo. Akaliangalia jamvi ambako vijana wa madrasa walikuwa wamekunja miguu na misahafu mbele yao. Shingo yake haikuweza kugeuka kwa sababu ya gunia.

"Yuko wapi?" aliuliza tena, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Nao wakacheka tena, maana ndivyo mtani anavyofanya. Humwulizia marehemu kana kwamba amekwenda kisimani.

Hakuna aliyemwambia kwa sababu wote waliamini anajua. Aliambiwa na kicheko chao. Mwanne, dada mkubwa wa Mwinshehe, alikuja akiburuta kandambili zake, akamtua gunia, akamwekea mkononi bakora ya kaka yake. Ilikuwa imelainika pale kiganja kilipokuwa kikishika.

"Tuoneshe anavyotembea, mtani," alisema. "Hawa watoto wadogo wamekwisha kumsahau."

Hapo angeweza kukataa. Angeweza kukaa kwenye kiti cha plastiki, na vipo vingi. Lakini alikuwa ameshauruka ungo mmoja. Lucian aliegemea bakora, akapinda bega la kushoto, akaburuta mguu, akatembea. Alitembea kutoka turubai mpaka jikoni na kurudi, akisonya vile Mwinshehe alivyokuwa akisonya, akimwuliza kila mtoto kama ameshapiga mswaki. Aliufanya vizuri. Kwa miaka arobaini alikuwa ameufanyia mazoezi mwendo ule, Mwinshehe mwenyewe akimtazama na kumrushia kandambili. Wanawake walilia na kucheka. Shomari alikaa chini akajishika kichwa. Watu wakasema hiyo ndiyo arobaini hasa, sasa marehemu amepumzika. Ni Lucian peke yake aliyejua kwamba alikuwa anasikia habari ya msiba wakati uleule anauchekesha, na alitamani ardhi impokee pale alipo.

Walipoanza kupakua pilau alimfuata Mwanne nyuma ya jiko.

"Da Mwanne. Aliumwa lini?"

Yule mama alimtazama vizuri, na akaelewa. Akakaa kwenye kinu kilicholala. "Kumbe hukuwa na habari," alisema. "Aliumwa miezi miwili. Figo."

"Mbona hamkunipigia?"

"Usiniulize hivyo, mtani."

"Nakuuliza."

Mwanne alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Shomari alishika simu akupigie. Yeye akamzuia. Akasema, mwacheni, yule alikuja kwangu kama mgeni, na mgeni haitwi kumuuguza mtu. Nikamwambia kaka, umsamehe, ni mambo ya suti tu. Akageukia ukutani. Hakulisema tena jina lako mpaka mwisho."

"Na Jumatatu? Jumatatu hii iliyopita, hamkumtuma mtu kuja kwangu Kibaha?"

"Aje kufanya nini?"

Lucian alihesabu. Jumatatu Mwinshehe alikuwa na siku thelathini na nne ndani ya udongo.

"Leo umefanya kazi yako," alisema Mwanne, akimgusa goti. "Angekuwepo angecheka." Alikuwa anamfariji, maskini. Hakujua kuwa hilo ndilo neno lililommaliza.

Alikula pilau kwa sababu mtani akikataa chakula ni mkosi. Walimpeleka kaburini, nyuma ya mikorosho, akasimama hapo na ovaroli yake. Aliwaza aseme nini. Alikuwa na matusi mengi aliyoyatunga njiani, na hakupata hata moja la kumwambia udongo. Shomari alipoliona gari alipitisha mkono juu ya mkwaruzo, akauliza nani kalifanyia hivi, akasema huyo mtu ana roho mbaya. Lucian alisema hajui. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliuona mkwaruzo ule kama ulivyokuwa. Mtu aliyemchukia alikuwa ametembea taratibu kuzunguka kitu chake, akikiharibu, na yeye alikuwa ameutunza mkono huo wiki nzima kwenye moyo wake.

Alifika Kibaha jua linazama, akaegesha palepale kwenye uwazi, maana hakuwa na nguvu ya kutafuta mahali pengine. Akaingia ndani, akautoa muhogo kabatini. Ulikuwa umegeuka mweusi wote na umeanza kunuka. Yasinta alimkuta ameushika, akaketi kando yake, na alipoambiwa alilia. Lucian hakulia. Alisema tu, "Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuwa na furaha mno."

Asubuhi yake kioo cha mbele kilikuwa kimevunjwa kwa tofali, na tofali lenyewe limelala kwenye kiti cha dereva. Vioo vyote vya milangoni vilikuwa vipande chini. Aliyefanya hivyo hakuogopa tena, na kwa nini aogope, wakati mtaa mzima ulishatangaziwa kwamba gari la mzee Maganga halina kesi? Hatua nne kutoka hapo, nguzo mbili mpya zilikuwa zimeshachimbiwa, na kamba imevutwa kupima banda la chipsi. Hashiru alikuwa anapanga maziwa ya unga. Hakutoka kusema pole. Lucian alilitazama gunia la mihogo, na ndoo, na binti anayemenya, mmoja baada ya mwingine, mieupe. Alisimama pale mpaka binti akaona haya na kugeuza stuli yake.

Hakugombana na mtu. Alikwenda kituo cha polisi akiwa na Yasinta. Askari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mwenye mwandiko mzuri na subira, akaandika jina, umri, kabila, aina ya gari.

"Kwa hiyo hili ni tukio la pili," alisema. "La kwanza lilikuwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Wiki nzima, baba. Mbona hukuja siku ileile? Ungekuja tungewahi alama, tungewahi mashahidi."

Lucian alikuwa amekalia benchi mikono magotini, vile alivyokaa siku ya bahasha.

"Nilidhani ni rafiki yangu," alisema.

Askari aliinua kalamu. "Rafiki yako ndiye aliyekuchania matairi?"

"Hapana."

"Sasa niandike nini hapa?"

"Andika nilitamani awe yeye," alisema Lucian.

Askari alimtazama Yasinta, na Yasinta akatazama mlango. Kisha yule askari akapiga mstari mdogo kwenye nafasi ile ya karatasi, akashuka kwenye nafasi iliyofuata, akauliza namba ya gari.